Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Vifaa vya Kupimia Umeme wa Gari la Zamani

Juma hili tunaingia garaji.

Vikundi vyetu vingi havina gari. Lakini vile vilivyo nalo, mara nyingi ni gari la zamani: Land Rover iliyobaki misioni, Land Cruiser ya miaka ya 1980, au Peugeot 404 ya kubeba mizigo. Gari hilo linapeleka mihogo na maharagwe sokoni. Linaleta samaki. Na usiku, likiitwa, linampeleka mama mwenye uchungu maternite. Siku linapokataa kuwaka, kisanduku cha kikundi kinaumia, na wakati mwingine mama na mtoto wanaumia.

Kila mmoja wetu aliyewahi kutunza feza za kikundi anajua mazungumzo yanayofuata. Shofere anasema: "Batri imekufa." Mekanisiye anasema: "Hapana mama, ni alternateri." Jirani anayepita anasema ni demareri. Mama mtunza feza anafungua daftari na kuuliza: "Sasa tununue nini kwanza?" Kila mtu ana neno, hakuna mwenye namba. Basi kinanunuliwa kile kilichopatikana sokoni siku ile. Juma moja likipita, gari linalala tena, na feza imekwisha kwenda.

Tunaandika haya kwa sababu umeme wa gari la zamani ni jambo la garaji ambalo mtu yeyote anayesoma namba anaweza kuliona kwa macho yake. Gari hilo halina kompyuta. Lina batri, waya, taa, demareri ya kuwashia motere, na alternateri au dinamo ya kurudisha umeme ndani ya batri. Vifaa vya kuvipima vinauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya batri mpya. Hatusemi kila mama awe mekanisiye. Tunasema kwamba anayelipa ana haki ya kuona namba kabla ya kulipa.

UMEME UNATEMBEA NAMNA GANI

Fikiri juu ya bomba la maji la mtaa. Kuna nguvu inayosukuma maji, kuna wingi wa maji yanayopita, na kuna uchafu unaoziba bomba. Katika umeme, nguvu ya kusukuma inapimwa kwa volti, wingi unaopita unapimwa kwa ampere, na kizuizi kinapimwa kwa omu. Binti au kijana wa nyumbani anayesoma fizikia shuleni ameyasikia maneno hayo matatu. Mwiteni asimame karibu siku ya kupima.

Lakini umeme una jambo moja ambalo maji ya bomba hayana: ni lazima urudi ulikotoka. Unatoka batri, unapita katika waya hadi kwenye taa, kisha unarudi kwa batri. Katika gari, njia ya kurudi ni chuma cha gari lenyewe. Mekanisiye wanaiita masi. Waya mmoja mnene wa batri umefungwa kwenye chuma hicho. Hapo ndipo magari ya zamani yanapougua zaidi, na hapo ndipo watu wanaangalia mwisho.

Tuchukue Land Rover kama mfano. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha karibuni, na chuma kilikuwa haba Uingereza. Kwa hiyo mwili wa gari ulitengenezwa kwa aluminiamu, juu ya fremu ya chuma. Aluminiamu haipati kutu nyekundu, ndiyo maana magari hayo yamedumu. Lakini mahali aluminiamu inapokutana na chuma, palipo na maji na matope, inaliwa polepole na kutoa unga mweupe. Unga huo unazuia umeme. Taa inafungwa kwenye mwili, mwili umefungwa kwenye fremu, fremu imefungwa kwa batri. Kila kiungo kikiwa na unga kidogo, umeme unachoka njiani wakati wa kurudi. Katika nchi yetu ya mvua na barabara za matope, miaka 40 au 50 inatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Hesabu yake ni hii. Taa ya mbele ya wati 60 kwa volti 12 inavuta ampere 5. Ikiwa viungo vibaya vinakula volti 2 njiani, taa inabaki na volti 10, na mwanga wake unashuka karibu nusu. Shofere anasema taa zimezeeka. Mnanunua taa mpya, nazo pia zinawaka kama mshumaa. Anayeshuka Ngomo usiku kuelekea Kamanyola na mwanga wa namna hiyo anajua maana yake. Na dawa ilikuwa msasa, bolti safi na dakika 20 za kazi.

VIFAA VITATU VYA KUANZIA

Cha kwanza ni taa ya kupimia. Ina mkono kama wa turnevisi wenye ncha kali, balbu ndogo ndani, na waya wenye kibanio mwishoni. Unabana kibanio kwenye masi, unagusa kwa ncha mahali unapotaka kujua kama umeme umefika. Ukiwa umefika, balbu inawaka. Ni rahisi, haihitaji batri yake yenyewe, na haidanganyi kirahisi. Mkinunua, chagueni yenye balbu ya kawaida, si ile ya taa ndogo za LED. Balbu ya kawaida inavuta umeme kidogo, kwa hiyo inaonyesha kama waya unaweza kufanya kazi. Waya uliobaki na uzi mmoja tu ndani unaweza kuonyesha volti 12 kwenye kipimo na bado ushindwe kuwasha taa.

Angalizo: taa hii ni ya gari la zamani. Msiichomechome ndani ya gari jipya lenye kompyuta na mifuko ya hewa, kwa maana inaweza kuharibu vitu vya bei kubwa.

Cha pili ni multimetri. Ni kisanduku chenye kioo cha namba, kitufe cha kuzungusha, na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kinapima volti, omu, na ampere chache. Hiki ndicho kinachompa mama mtunza feza namba ya kuandika.

Cha tatu ni kipima asidi, kwa batri zenye vifuniko sita vinavyofunguka. Ni bomba la kioo lenye mpira wa kubonyeza juu na kielea ndani. Unavuta asidi kidogo kutoka kila tundu na kusoma kielea kimesimama wapi. Kinaonyesha jambo ambalo volti pekee haionyeshi vizuri: kama tundu moja kati ya sita limekufa.

Vifaa hivi vitatu vinatosha kwa kazi karibu zote tutakazoeleza. Wauzaji watawaonyesha pia kipimo chenye mdomo kama wa kaa, kinachozunguka waya na kupima ampere bila kuukata. Ni kizuri, lakini kuna mtego. Vingi vya bei ndogo vinapima umeme wa nyumbani tu, ule unaokwenda na kurudi. Umeme wa gari unakwenda upande mmoja. Kifaa kisicho na alama ya umeme wa namna hiyo, yaani herufi DC au mstari mnyoofu wenye nukta chini yake, kitasoma sufuri juu ya gari siku zote.

KUCHAGUA MULTIMETRI SOKONI

Msinunue kabla ya kuijaribu pale pale dukani. Chukueni batri mpya ya redio, ile ndogo ya volti 1,5. Zungusheni kitufe kwenye volti za umeme wa upande mmoja, namba 20. Gusisheni waya nyekundu upande wa kuongeza na nyeusi upande wa kutoa. Kioo kionyeshe kati ya 1,5 na 1,6. (Kwenye kioo mtaona nukta mahali pa mkato, maana ni ile ile.) Kikionyesha 1,2 au namba inayorukaruka, kirudisheni.

Kisha zungusheni kwenye omu na mgusishe ncha mbili pamoja. Namba ishuke karibu na sufuri. Vingi vina pia sauti ya kulia "bii" ncha zikigusana. Ni msaada mkubwa, kwa maana mtu anaweza kusikiliza huku akiangalia waya chini ya gari. Tikiseni nyaya zake huku ncha zimegusana. Sauti ikikatika, nyaya ni mbovu ndani.

Angalieni kama mahali pa kupima ampere 10 panalindwa na fuzibu. Angalieni ngozi ya nyaya: iwe nene, isiyo na nyufa. Na ulizeni batri yake ya ndani ni ya namna gani na kama inapatikana kwenu. Batri ya ndani ikichoka, multimetri nyingi zinaonyesha namba kubwa kuliko kweli, na batri ya gari inayokufa itaonekana nzima.

Multimetri ya bei ndogo iwe ya gari tu. Msiiingize kwenye prizi ya nyumba wala kwenye nyaya za SNEL. Volti 12 hazimuui mtu anayegusa. Volti 220 zinaua.

KABLA YA KUGUSA

Vueni pete, bangili na mikufu. Pete ikigusa upande wa kuongeza wa batri na chuma cha gari kwa pamoja, inakuwa moto mwekundu kabla hujavuta mkono. Fungeni kitambaa cha kichwa na ncha za kikwembe. Motere ikizunguka, feni na mkanda vinavuta nguo na nywele.

Batri inayochajiwa inatoa gazi inayolipuka. Msikaribie na sigara, kiberiti wala mshumaa, hata kama ni giza. Asidi ikigusa ngozi au jicho, osheni kwa maji mengi kwa muda mrefu. Jicho liende kwa muganga. Watoto wakae mbali.

Mkifungua batri, anzeni na waya wa masi; mkifunga, waya wa masi uwe wa mwisho. Hivyo ufunguo ukiteleza hautatoa moto.

Na jambo la mwisho, ambalo limeharibu multimetri nyingi: waya nyekundu ikiwa kwenye tundu la ampere, msiguse batri moja kwa moja. Kifaa kinakuwa kama waya mtupu kati ya pande mbili, fuzibu yake inakatika au kinaungua mkononi. Msipime pia ampere za demareri kwa multimetri. Demareri inavuta ampere 100 hadi 200 na zaidi. Kifaa ni cha 10. Wala msiguse kwa ncha zake waya nene zinazokwenda kwenye buji, kwa maana humo mnapita maelfu ya volti.

JUENI GARI LENU NI LA VOLTI NGAPI

Magari mengi ni ya volti 12. Lakini Volkswagen ndogo za zamani, zile za mgongo kama kobe, nyingi zilikuwa za volti 6 hadi nusu ya pili ya miaka ya 1960. Baadhi ya Land Cruiser za mazuti na magari ya jeshi ni za volti 24, na batri mbili zimeunganishwa. Namba zote tutakazotoa hapa ni za volti 12. Kwa gari la 24, zidisheni kwa mbili. Kwa gari la 6, gawanyeni kwa mbili.

Tena, magari ya Uingereza ya zamani sana, zikiwemo Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, yalifungwa kinyume: upande wa kuongeza ndio uliofungwa kwenye chuma. Angalieni kwa macho ni upande gani wa batri umefungwa kwenye fremu kabla ya kuunganisha chochote. Batri ikigeuzwa kwenye gari lenye alternateri, alternateri inaungua papo hapo.

VIPIMO VITANO

Kipimo cha kwanza: batri iliyolala. Gari lisimame usiku kucha, kila kitu kimezimwa. Asubuhi, gusisheni ncha nyekundu upande wa kuongeza na nyeusi upande wa kutoa. Volti 12,6 au zaidi: batri imejaa. 12,4: robo tatu. 12,2: nusu. 12,0: robo tu. Chini ya 11,9: tupu. Batri tupu si lazima iwe batri mbovu. Huenda haikujazwa. Ichajiwe kwanza, ndipo ihukumiwe.

Hapa kipima asidi kinasaidia. Batri iliyojaa inasoma kati ya 1,24 na 1,28. Matundu sita yawe karibu sawa. Moja likiwa chini ya mengine kwa zaidi ya 0,05 baada ya kuchaji, tundu hilo limekufa, na hapo kununua batri ni haki. Maji yakipungua, ongezeni maji safi ya batri, si asidi, na si maji ya kisima.

Kipimo cha pili: batri kazini. Mtu mmoja anawasha motere, mwingine anaangalia kioo. Demareri ikizunguka, volti zisishuke chini ya 9,6. Zikishuka hadi 8 au 7 na batri ilikuwa imejaa, batri imechoka. Lakini zikibaki 11 au 12 na demareri haizunguki au inazunguka polepole, msinunue batri. Nguvu ipo, inazuiliwa njiani, au demareri yenyewe ni mbovu.

Kipimo cha tatu: kuchaji. Motere inazunguka kwa mwendo wa kati. Pimeni juu ya batri. Volti kati ya 13,8 na 14,4 ni nzuri. Washeni taa kubwa. Zibaki juu ya 13. Zikiwa 12 na kitu na kuendelea kushuka, hakuna kinachorudi ndani ya batri. Angalieni mkanda kwanza, kisha waya za nyuma ya alternateri, ndipo alternateri yenyewe. Zikipita 15, umeme ni mwingi mno, utachemsha batri mpya mpaka ife. Mkinunua batri nyingine bila kutengeneza hilo, nayo itakufa vilevile. Kama gari lina dinamo ya zamani mahali pa alternateri, msiogope likisoma chini motere ikizunguka polepole. Dinamo inaanza kuchaji mwendo ukipanda.

Kipimo cha nne: njia ya kurudi. Hiki ndicho kinachookoa feza nyingi, na ndicho ambacho garaji nyingi hazifanyi. Wekeni multimetri kwenye volti. Ncha moja iguse nguzo ya risasi ya batri upande wa masi, nguzo yenyewe, si kibanio chake. Ncha ya pili iguse chuma safi cha motere. Mtu awashe. Wakati demareri inazunguka, namba isizidi 0,3. Ikionyesha volti 1 au 2, umeme unapotelea katika waya wa masi au bolti zake. Kizuizi cha sehemu moja ya mia ya omu, kisichoonekana kwa macho, kinakula volti 2 ampere 200 zikipita.

Fanyeni vivyo hivyo upande wa kuongeza: ncha moja kwenye nguzo ya kuongeza, nyingine kwenye bolti kubwa ya demareri. Isizidi 0,5. Na kwa taa: iwasheni, gusisheni ncha moja kwenye nguzo ya masi ya batri na nyingine kwenye chuma cha nyumba ya taa. Isizidi 0,2. Ikizidi, fungueni bolti, kwanguweni mpaka chuma king'ae, fungeni kwa nguvu, pakeni grisi juu ili maji yasiingie. Kisha pimeni tena. Namba ikishuka, mmemaliza kazi bila kununua kitu.

Kipimo cha tano: mwizi wa usiku. Gari linalala zima na kuamka bila nguvu. Zimeni kila kitu, fungeni milango. Ondoeni waya wa masi kwenye batri. Wekeni taa ya kupimia kati ya waya huo na nguzo yake. Gari la zamani lisilo na redio wala saa halipaswi kuwasha taa hiyo hata kidogo. Ikiwaka, kuna kitu kinakula umeme. Ondoeni fuzibu moja baada ya nyingine. Ile inayozima taa ndiyo inayowaonyesha upande wa mwizi. Ikiwa fuzibu zote zimetoka na taa bado inawaka, chomoeni waya za alternateri na mwangalie tena. Vipande vya ndani yake vikifa, inakula batri usiku. Msiwashe motere wakati taa ya kupimia imekaa hapo.

Msidharau mwizi mdogo. Balbu ya ndani ya wati 5 inavuta karibu ampere 0,4. Kwa siku tatu imekula karibu ampere 30 za saa, yaani nusu ya batri ya 60.

RANGI ZA WAYA NI KITABU

Magari ya Uingereza ya wakati ule yalifuata rangi moja, na anayezijua hahitaji kukisia. Kahawia ni umeme wa batri wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Nyeupe inapata umeme ufunguo ukigeuzwa. Kijani ni baada ya fuzibu, ufunguo ukiwa umegeuzwa. Zambarau ni wakati wote, lakini kupitia fuzibu. Buluu ni taa kubwa za mbele. Nyekundu ni taa ndogo za pembeni na za nyuma. Nyeusi ni masi. Waya wa kahawia ukichunika na kugusa chuma, hakuna fuzibu ya kuuzuia, moto unaanza. Hiyo ndiyo ya kuangaliwa kila mwezi.

Lakini gari lililopita mikononi mwa watu wengi lina waya zilizoungwa kwa rangi yoyote iliyopatikana. Basi amini taa ya kupimia kuliko rangi.

Kuhusu fuzibu: zile za kioo za Uingereza zilizoandikwa 35 zinakatika kwa ampere 35, lakini zimekusudiwa kubeba 17 tu kwa kudumu. Msiweke kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara, wala kipande cha waya. Fuzibu inayokatika mara kwa mara inawaambia kuna waya inayogusa chuma. Mkiinyamazisha kwa waya, waya za gari ndizo zitakazoungua, na waliomo ndani watakuwa hatarini.

KUZUNGUMZA NA MEKANISIYE

Mekanisiye mwema hakasiriki akiombwa namba. Wengi wao ni mafundi hodari waliojifunza kwa kusikiliza na kugusa, na wanajua mengi ambayo kifaa hakisemi. Msiende na multimetri kama askari na pingu. Mwambieni kwa heshima: "Papa, batri inasoma 12,6 asubuhi, ikiwashwa inabaki 11,5. Tusaidie kuona nguvu inapotelea wapi." Hapo mnaanza kazi pamoja. Na akisema "nunua alternateri," muulizeni: "Inachaji volti ngapi?" Kama hana jibu, subirini mpaka apime mbele yenu.

Kifaa kikae wapi? Pamoja na daftari na kisanduku cha kikundi, si chini ya kiti cha shofere ambako kitapigwa na jeki na kulowa mafuta. Wanawake wawili wajifunze kukitumia, ili mmoja akisafiri mwingine awepo. Shofere naye ajifunze. Yeye ndiye anayekuwa njiani saa nane ya usiku.

Na kwa mkutano wa juma lijalo, tunapendekeza kila kikundi chenye gari kitenge ukurasa mmoja wa daftari na kuchora mistari mitano: tarehe, volti za asubuhi, volti wakati wa kuwasha, volti motere ikizunguka, volti za njia ya masi. Ujazwe mara moja kwa mwezi, hata gari likiwa zima. Siku mtu atakapokuja kuomba feza ya batri, mama mtunza feza afungue ukurasa huo kwanza, ndipo afungue kisanduku.